Hatusomi, Tunatazama Picha

Bi Mwalimu hakupenda jina lake litajwe. Akisema jina la mwanamke ni la wazazi wake na la malaika wawili wanaomwandika, sisi wengine hatuna kazi nalo. Basi na mimi silitaji, ingawa nilikaa naye nyumba moja, yeye ghorofani mimi chini, tangu mwaka sitini na nne tulipoteremka meli moja kutoka Unguja mpaka mwaka wa sabini.

Nyumba yenyewe ilikuwa nje ya ukuta wa mji wa Maskati, hatua chache kutoka Lango Kubwa. Mume wangu alipata kazi kwenye maghala ya forodha, nami nilikuwa nashona. Bi Mwalimu alikuwa mjane, ameshapita hamsini, na huko Unguja alikuwa amesomesha wasichana miaka mingi kiasi kwamba akiona watu watatu wamesimama pamoja huwapanga mstari. Sitii chumvi. Siku ya kwanza bandarini, tukingojea kukaguliwa, aliwapanga abiria kwa urefu, wafupi mbele. Askari mmoja alimshukuru, akidhani ni mtu wa serikali.

Alikuja na sanduku moja la nguo na picha moja. Picha aliibeba kifuani ndani ya buibui safari nzima, na kwa kuwa ilikuwa na fremu ya mbao alikuwa hawezi kuinama. Abiria wasiomjua walisema, masikini, yule bibi ana ugonjwa wa mgongo.

Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, ukubwa wake kama sinia dogo la kahawa. Ndani yake mlikuwa na kichochoro. Kinyozi amemkalisha mteja juu ya jiwe anamnyoa kichwa. Mwanamke anapita na mtungi. Mzee ameweka kikapu chini anauza samaki. Mabibi wawili wako mlangoni wanazungumza, na mtoto mdogo amevuta nguo ya mmoja wao analia. Punda amebebeshwa mizigo, na kizingitini kuna paka. Basi. Hapana mfalme, hapana vita.

Kabla hujaruhusiwa kuitazama ilikuwa lazima kwanza usikilize ilivyotengenezwa. "Hii si ya kamera," alikuwa akisema. "Bwana mmoja wa Kizungu, karne iliyopita, alisafiri akenda kukaa nchi za watu. Akachukua bamba la shaba akalipaka nta. Akachora kwa sindano. Akalitia kwenye tindikali, ikala pale palipochorwa. Akapaka wino, akachapa karatasi. Kwa hivyo kila mstari mnaouona hapa umeliwa na tindikali. Kaeni vizuri."

Waliokaa vizuri walikuwa watoto wa kike watatu tuliokuja nao meli moja, na baadaye walifika tisa. Zama zile skuli za serikali nchi nzima zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na zote za wavulana. Kufungua skuli kulitaka ruhusa. Kutengeneza paa kulitaka ruhusa pia, hata na safari ya kutoka mji mmoja kwenda mwengine. Bi Mwalimu hakuomba ruhusa, kwa sababu, alivyosema, hakufungua skuli. Watoto walikuwa wakipanda ngazi zake kila asubuhi baada ya chai, wakishuka adhuhuri, na mtu akiwauliza njiani walikuwa wamefundishwa jibu moja.

"Hatusomi. Tunatazama picha."

Vitabu hakuwa navyo, kwa hivyo picha ilikuwa ndiyo kitabu cha kusoma, cha hesabu na cha jiografia. Herufi ya P ilikuwa punda na paka. Hesabu ilikuwa ni kikapu: samaki wangapi, na kila mteja akichukua wawili wateja wangapi watarudi nyumbani mikono mitupu. Neno "kitu" alilipiga marufuku. Mtoto akisema, "Yule mtu ameshika kitu," Bi Mwalimu hufumba macho, akasubiri. Kitu hakionekani, alikuwa akisema, wembe unaonekana. Kumpiga mtoto hakumpiga hata siku moja. Adhabu yake ilikuwa ni kukaa mbele ya picha mpaka uone jambo ambalo hakuna aliyelisema bado. Mwaka wa kwanza hiyo ilikuwa adhabu nyepesi. Ilipofika mwaka wa tatu watoto wakawa na adabu sana.

Mmoja wao, Rayya, msichana mkaidi wa miaka tisa ambaye mama yake alikuwa jamaa wa mume wangu, alikaa siku moja saa nzima mbele ya picha, hatimaye akasema kinyozi anatumia mkono wa kushoto. Bi Mwalimu alisogea akatazama.

"Ahsante," akasema. "Lakini duniani alikuwa anatumia wa kulia. Bamba likichapwa, kila kilicho kulia huwa kushoto. Kinyozi hana kosa."

"Basi hata mlango uko upande si wake?"

"Kila kitu kiko upande si wake," alisema Bi Mwalimu, na hakugundua kuwa amesema "kitu." Sisi tuligundua.

Nasema sisi, maana na mimi nilikuwemo. Nilipanda siku ya kwanza kumpelekea pazia nililomshonea, nikakaa kupindia ukingo, na sikushuka tena. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, nimehitimu Kurani, lakini herufi za Kizungu nilikuwa sizijui hata moja. Yeye aliendelea na somo. Baada ya wiki moja tu aliniuliza mbele ya watoto, "Na wewe uliyekaa na sindano, unaona nini?" Nikajibu, nikaadhibiwa kwa kusema "kitu," na tangu hapo nikahesabiwa darasani.

Tatizo lilikuja mwaka wa pili, kwa mzee wa nyumba ya jirani. Alikuwa mtu mchamungu, mwenye sauti ndogo, na mwenye ujamaa na watu wa ofisi ya liwali. Alisikia kuwa kwa yule bibi aliyetoka Unguja kuna sanamu ukutani na watoto wanakalishwa mbele yake. Akapanda juu. Nakumbuka uzi ulivyonitoka sindanoni. Neno lake moja kwa liwali, na sote tungeulizwa tunafanya nini pale, na baadhi yetu karatasi zetu za kuingilia nchi zilikuwa bado hazijakaa sawa.

Alisimama mlangoni akiitazama picha kwa muda mrefu zaidi kuliko watu wanaoichukia picha wanavyotazama.

"Hivi ni viumbe vyenye roho," akasema kwa Kiarabu.

Bi Mwalimu alitafuta maneno. Kiarabu chake nitakieleza baadaye. "Vikikatwa vichwa?" akauliza.

Mzee akafikiri. Akakubali kwamba kiumbe kisicho na kichwa hakina roho, na kwamba hilo limo vitabuni. Basi nikateremka kupika gundi la unga wa ngano, tukakata vipande vya karatasi, na Bi Mwalimu akawabandika watu wake mmoja mmoja, mzee akihesabu. Kinyozi. Mteja. Mwanamke wa mtungi. Muuza samaki. Mabibi wawili. Mtoto anayelia.

"Na punda," alisema mzee.

Punda naye akabandikwa. Mzee aliridhika, akaaga. Kizingitini pale, mle ndani ya picha, paka alikuwa bado anatutazama. Watoto wanane walikuwa wamemwona, na mimi nimemwona, na Bi Mwalimu amemwona. Hakuna aliyesema.

Wiki iliyofuata mzee alimleta mjukuu wake wa kike, mtoto asiyejua neno la Kiswahili. Alisema kwa vile sasa hakuna sanamu, mtoto anaweza kuja kukaa. Hakuuliza anakuja kufanya nini.

Kwa hivyo Bi Mwalimu aliokoka, lakini ile picha haikuokoka. Mende wa Maskati wanapenda gundi la unga. Tuligundua siku moja kipande kimoja kimeanguka, na chini yake hamna uso wa kinyozi, mna tundu. Walikula gundi, wakala na karatasi iliyokuwa chini yake. Katika muda wa miezi michache nyuso zote saba zilikwisha, na ya punda ya nane. Aliyebaki na uso alikuwa paka peke yake.

Nilidhani atalia. Aliitoa picha kwenye fremu, akapangusa, akairejesha, akaitundika. Kesho yake somo lilikuwa hivi: kila mtoto asimame aseme uso wa mmoja kati yao ulikuwaje, kwa maneno, bila ya kusema "mzuri" wala "mbaya." Walisema mpaka adhuhuri. Mimi nilipewa mteja wa kinyozi. Nilisema alikuwa na nyusi zilizoinuka kama mtu anayesikia hesabu ya kitu alichokwisha kula.

"Alichokula," alinisahihisha. "Na si kitu. Chakula."

Sasa Kiarabu chake. Alihifadhi Kurani nusu, akiisoma vizuri kuliko wanaume wengi, lakini Kiarabu cha kuzungumza hakuwa nacho. Kwao walizungumza Kiswahili tangu mabibi zake. Sokoni Matrah alikuwa akinunua kwa Sura ya Baqara. Mna aya pale inayotaja mboga, matango, dengu na vitunguu, na vyote hivyo tulivipata bila shida. Nyanya haimo. Kwa miezi minne tulipika mchuzi bila nyanya, kwa sababu alikuwa hataki kuonyesha kwa kidole kama bubu. Mimi ndiye niliyekwenda mwisho kumuuliza muuzaji jina lake, nikarudi nalo, na Bi Mwalimu akaliandika ukutani kwa chaki karibu na jiko.

Alikuwa hivyo. Alisema umbea ni haramu, lakini habari ya mtaa akiitaka yote na kwa mpango. "Anza mwanzo," akiniambia, "usiruke." Ukimaliza, anasema, "Mie sipendi mambo haya," kisha anauliza na mama yake alisemaje.

Nilipokwisha kujua kuandika, jambo la kwanza nililotaka ni kumwandikia mama yangu. Mama alibaki Unguja. Hakutaka kupanda meli, alisema ameshazeeka kuhama na kuku wake wanamjua. Ilikuwa imepita miaka miwili bila ya mimi kumpelekea neno ambalo halikupitia kinywani mwa mtu mwengine. Niliandika kurasa mbili. Bi Mwalimu akaitaka ile barua, akatoa penseli nyekundu, akaisahihisha kama daftari la mtihani.

"Umemwambia mama yako kuwa u mzima mara tatu," alisema. "Mara moja inatosha. Msomaji si mjinga."

Nikaiandika upya kwa ukurasa mmoja na uzima mmoja, nikaipeleka kwa msafiri. Majibu yalichukua miezi mitano. Mama alimwandikisha jirani. Alisema amefurahi, kuku hawajambo, na barua yangu ni fupi. Na kwa nini nimesema mimi mzima mara moja tu, kuna nini ninachomficha?

Nilimpelekea Bi Mwalimu ile barua. Aliisoma akiwa amesimama dirishani. Alitoa penseli yake nyekundu, akaishika juu ya karatasi, kisha akairudisha mfukoni.

"Mama yako ana haki," akasema. "Andika mara tatu."

Katika miaka yote sita hiyo ndiyo mara moja niliyomsikia akifuta alama aliyokwisha kuitoa.

Ama jambo lenyewe hasa ni lile la mji. Bi Mwalimu alikuwa akituambia tangu mwanzo kuwa kichochoro kile ni cha Unguja. Aliujua mpaka mtaa. Alituambia mabibi wale wawili ni watu wa nyumba gani na kisima kiko upande gani. Rayya aliwahi kumuuliza, "Mbona hapana mnazi hata mmoja?"

"Uko nyuma ya nyumba," alijibu Bi Mwalimu.

Na huyu ni mtu ambaye mtoto akisema uongo wa kikombe kilichovunjika alikuwa hamsemeshi siku mbili.

Mwaka wa sitini na nane alishikwa na homa kali, akaja nesi wa Kizungu kumtazama, mwanamke mrefu mwenye macho makali. Watoto walikuwa wamekaa sakafuni, hawakukubali kwenda kwao. Nesi alimtia kipimo cha homa mdomoni, na akiwa anasubiri akasogea kwenye picha. Chini, ukingoni, mlikuwa na maandishi madogo ya Kifaransa ambayo sisi tuliyachukua kuwa ni nyasi. Aliinama, akayasoma kwa sauti. Katika yote aliyoyasema watoto walidaka neno moja.

"Tunisi ni nani?" aliuliza Rayya.

Bi Mwalimu alikuwa na kipimo mdomoni, kwa hivyo alipata dakika tatu za kufikiri. Nesi alipokitoa, akakitazama, akaandika, akatoa vidonge, akenda zake, bado Rayya alikuwa anangoja.

"Tunisi si mtu," alisema Bi Mwalimu. "Ni mji. Uko Afrika, juu kabisa, kwenye bahari nyengine. Picha hii ni ya huko. Nilijua tangu siku niliyoinunua mnadani. Nnajua Kifaransa kidogo, cha kutosha kusoma jina la mji."

Rayya akainuka pale sakafuni.

"Kwa hivyo ulisema uongo," alisema Rayya, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na mbili.

"Nilisema uongo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mlipokuja hapa juu mara ya kwanza mlikuwa mnalia," alisema Bi Mwalimu. "Watatu nyote, siku nne, hamnyamazi, hamli. Nilikuonyesheni picha, mmoja akauliza, huku ni kwetu? Nikasema ndiyo. Mkanyamaza. Baada ya hapo sikupata siku nzuri ya kusema sio."

Rayya akawatazama wenzake. Mimi nilikuwa nimeinamia nguo ninayoshona na sikuona hata mshono.

"Basi una adhabu," alisema Rayya.

"Najua."

Akajiinua kitandani na homa yake, tukamwekea mto mgongoni, akakaa mbele ya picha kama walivyokuwa wakikaa wao. Alikaa mpaka adhana ya adhuhuri. Hatukuthubutu kuondoka. Mwisho akasema, "Ule mtungi mtupu. Ungekuwa na maji, shingo ya yule mwanamke ingekaza. Ndiyo kwanza anakwenda kisimani."

Watoto wakasogea wote kutazama. Walikubaliana kuwa ni kweli, na kuwa hakuna aliyelisema kabla. Rayya akampa ruhusa ya kulala.

Kisha ukaja mwaka wa sabini, na mabadiliko. Serikali mpya ilitangaza kuwa inataka skuli, za wasichana na za wavulana, na inatafuta walimu. Jamaa zetu waliokuwa wamesambaa nchi za watu wakaanza kuja. Bi Mwalimu alivaa buibui lake jipya, akanichukua tufuatane hadi ofisini. Alikwenda mbio kiasi kwamba mimi, mdogo wake kwa miaka thelathini, nilikuwa nikimwambia apunguze.

Ofisa alikuwa kijana, amerudi karibuni kutoka ng'ambo, mpole sana. Alituitia chai. Akaomba shahada yake ya ualimu.

"Iko kwenye mtoto wa kabati sebuleni kwangu," alisema Bi Mwalimu. "Huko Unguja."

Kijana akasema anafahamu, wengi wako hivyo. Akatoa karatasi na kalamu, akasema basi aandike tu mistari michache kwa Kiarabu, kuhusu jambo lolote, kwa sababu masomo yote yatakuwa kwa Kiarabu. Mimi, niliyekwisha kuokota Kiarabu sokoni, nilitafsiri, ingawa haikuwa lazima.

Bi Mwalimu aliandika Bismillahi kwa mwandiko ambao sijauona mzuri kuliko huo. Akaitazama karatasi muda. Akaiweka kalamu chini, sambamba na ukingo wa meza.

"Hapo ndipo Kiarabu changu cha kuandika kinapokwisha," alisema.

Kijana aliona haya kuliko yeye. Alisema pengine patapatikana kazi ya usimamizi, ya kuangalia usafi. Bi Mwalimu alimshukuru kwa chai. Njiani kurudi, tulipofika Lango Kubwa, akaniambia, "Mtoto mwenye adabu. Nani kamsomesha?" Baada ya hapo alijifungia juu wiki nzima. Wale tisa walikuwa wameshaandikishwa skuli mpya, hapakuwa na mtu wa kupanda ngazi zake. Mume wangu naye alipata kazi nyengine, tukahamia Matrah, na kwa kama miezi miwili sikumwona.

Mwisho wa mwaka nilipewa kazi na skuli ile ya wasichana, kushona magauni ya buluu ya wanafunzi. Nikaenda kuwapima. Skuli yenyewe ilikuwa vyumba vichache na mahema mawili uwanjani. Katika hema la darasa la kwanza walikuwa watoto arubaini wa kila umri, na mwalimu wao msichana kutoka Misri, hajafika miaka ishirini na tano. Nyuma kabisa, kwenye benchi na watoto wa miaka saba mpaka kumi, alikuwa amekaa Bi Mwalimu. Amekunja mikono juu ya meza kama alivyokuwa akitaka sisi tukunje. Upande wake mmoja alikuwa mjukuu wa yule mzee jirani, anamwonyesha ukurasa.

Yule mwalimu aliniambia kwa sauti ndogo kuwa bibi huyo alikuja tu siku moja akakaa. Mkuu wa skuli alitafuta kanuni ya kumkataza, lakini skuli ilikuwa changa, kanuni hiyo ilikuwa bado haijaandikwa. Alisema ndiye mwanafunzi wake mwenye adabu kuliko wote, ila anaposahihishwa hushika penseli yake kwa nguvu.

Nikawapima watoto mmoja mmoja, mstari umenyooka, wafupi mbele. Sikuuliza nani aliyeupanga. Yeye alikuwa wa mwisho.

"Shikamoo, Bi Mwalimu."

"Marahaba. Hapa usiniite hivyo. Utamchanganya mwalimu."

"Unafanya nini hapa?"

"Nnasoma," akasema. "Mwenyewe unaona. Pima."

Nilimpima mabega. Amekonda. Nikampima kutoka bega mpaka kifundo cha mguu, nikaandika. Alisimama amenyoosha mikono pembeni, anatazama mbele, hatikisiki. Watoto walikuwa wakitutazama na wengine wakicheka, naye hakuwageukia.

"Naweza kukushonea gauni lako mbali," nilimwambia. "La rangi nyengine, la kiutu uzima. Hawatokataa."

"Shona kama yao."

"Haya."

Nilikuwa nimeshaukunja utepe wangu wa kupimia aliponishika mkono.

"Na uache upindo mkubwa," alisema. "Mie nnakusudia kufika darasa la sita."

Nikaacha upindo wa vidole vinne.